Vifungu Viwili vya Shairi

Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 huruhusu mkusanyiko uliokusudiwa shule au vyuo vikuu kutia vifungu vifupi visivyozidi viwili vya kazi iliyohifadhiwa, mradi anwani na mtunzi vitajwe. Kwa riwaya, kipimo hiki chafaa. Je, kwa shairi la beti tano? Kibwagizo chake hupata uzito kwa kurudiwa; ukilikata, huna cha kuhakiki. Hata hivyo siwatetei wenzetu wanaonakilisha diwani nzima (na jalada lake!) ilhali malenga aliye hai hapati mrabaha. Hifadhi ya Shaaban Robert, aliyefariki 1962, ilikwisha na mwaka 2012. Kwa walio hai, mimi huwaandikia kuomba idhini ya shairi zima.