Rangi ya sakafu inapobanduka, tusimsingizie mtoto

Mwezi wa kwanza ukifika, nyumba nyingi za hapa Bel-Air zinaonyesha jambo moja. Rangi ya sakafu iliyopakwa vizuri kabla ya sikukuu inaanza kuvimba, inapasuka, halafu inabanduka vipande vipande. Hapo ndipo tunatafuta mwenye kosa. Mara nyingi ni msichana anayepiga deki.

Kwa jirani yangu, ambaye ninamwita yaya kwa sababu ni mkubwa kwangu, ilikuwa vilevile. Zamu yake ya likelemba ilipofika, alinunua rangi nyekundu ya mafuta, akamlipa fundi, vyumba viwili na sebule vikapakwa mwezi wa 11. Juma la kwanza la mwaka mpya, rangi ilikuwa inatoka kama ganda la kiazi kilichochemshwa. Mtoto wa dada yake, wa miaka 14, alilaumiwa kwamba anamwaga maji mengi mno. Akaambiwa hata pesa ya daftari itakatwa mpaka hasara irudi. Mtoto huyo anasoma katika darasa langu. Niliposikia mambo ya daftari, niliomba ruhusa ya kuiona hiyo sakafu.

Kwanza nilitazama mahali palipoharibika. Katikati ya sebule, pale deki inapopita kila asubuhi, rangi ilishika vizuri. Ilikuwa imebanduka zaidi chini ya kitanda na kando ya ukuta wa nyuma, ambako deki haifiki. Nje ya ukuta huo udongo umepanda juu kuliko sakafu ya ndani, na maji ya toli yanaangukia palepale. Nilimwonyesha yaya. Alinyamaza kidogo, kisha akamwita mtoto, akamwambia mbele ya wote kwamba daftari litanunuliwa.

Lakini nilitaka kuwa na hakika. Nilikata kipande cha nailoni, kikubwa kuliko daftari lililofunguliwa, nikakibandika kwa skochi pande zote nne juu ya simenti iliyobaki wazi. Tulikiacha tangu jioni mpaka kesho yake saa sita. Tulipokiinua, chini yake palikuwa na matone ya maji, na simenti imekuwa nyeusi. Hakuna mtu aliyemwaga maji chini ya nailoni. Yalitoka ardhini.

Simenti inaonekana ngumu kama jiwe, lakini ina vitundu vidogo sana, na inanyonya maji kama utambi unavyonyonya petroli. Mji wetu hupata zaidi ya milimita 1,000 za mvua kwa mwaka, na karibu zote zinaanguka kati ya mwezi wa 10 na wa 4. Kama fundi hakutandika nailoni nzito kabla ya kumwaga sakafu (na wengi hawaitandiki, ili kupunguza gharama), unyevu unapanda bila kizuizi. Ukikuta rangi imefunga njia, unaisukuma kutoka chini.

Kuna jambo lingine, na hili bamama wanaopika sabuni watalielewa haraka kuliko mafundi. Vipande vingine vya rangi ya yaya vilikuwa laini upande wa chini, vinateleza kidoleni. Sisi tunatengeneza sabuni kwa mafuta ya ngazi na soda kostiki. Simenti nayo ina chokaa kali, hasa ikiwa bado mpya. Maji yanapopanda yanabeba ukali huo mpaka kwenye rangi, na rangi ya mafuta, kama jina lake linavyosema, ina mafuta ndani. Kwa hiyo chini ya rangi sabuni inajitengeneza yenyewe, polepole. Mtu anaweza kununua rangi ya bei ya juu kabisa, na itageuka tu.

Vipande vingine vilikuwa na unga mweupe mgongoni. Hapo rangi ilishika vizuri, ila ngozi ya simenti ndiyo iliyong'oka pamoja nayo. Ngozi hiyo inatokea fundi akiweka maji mengi katika mchanganyiko, au akinyunyiza simenti kavu juu ili sakafu ing'ae. Tunapenda kung'aa, najua. Kwanguza kwa msumari: unga ukitoka kirahisi, usipake kitu kabla ya kuuondoa. Mwaga pia matone ya maji. Yakikaa mviringo bila kuingia, kuna siraji ya zamani au mafuta ya kupikia, na rangi haitashika juu yake.

Sokoni mtu alimshauri yaya asafishe sakafu kwa asidi ya betri. Nilikataa kabisa. Katika mji huu wa migodi tunajua inavyochoma ngozi na macho, na katika lupango ule kuna mtoto anayetambaa. Tena asidi hiyo ikikutana na chokaa ya simenti inaacha unga wa jasi, na huo ungekuwa adui mwingine wa rangi. Brashi ya waya na sabuni vinatosha, halafu kusuuza vizuri. Unapokwangua, lowanisha kidogo, maana vumbi la simenti si zuri kwa mapafu.

Kuhusu sakafu mpya, mafundi wanataja siku 28. Hizo ni siku za simenti kupata nguvu. Kukauka ni jambo lingine: sakafu ya unene wa sentimita 10 inaweza kuchukua miezi kadhaa, na wakati wa mvua zaidi.

Sasa wavulana wa yaya wamepunguza udongo nyuma ya nyumba na kuchimba mfereji wa kupeleka maji barabarani. Rangi iliyobaki imekwanguliwa. Mume wake analalamika kwamba wageni wataona simenti tupu, lakini mimi sioni aibu katika simenti tupu iliyofagiwa. Mwezi wa 8, katikati ya kiangazi, tutabandika nailoni tena mahali palepale. Ikiwa kavu, atapaka. Ikiwa na matone, pesa ya likelemba itanunua viti.