Naxos, Kisiwa Kilichoufunua Moyo

Meli itokayo bandari ya Piraeus, Ugiriki, haijatia nanga bado, Portara imeshaonekana: lango la marumaru la hekalu la Apollo, lililoanza kujengwa karne ya 6 kabla ya Kristo na ambalo halikumalizika. Nyuma yake mji wa Chora umepanda kilima hadi kwenye ngome ya Waveneti, na huko ndani ya kisiwa mlima Zas, mrefu kuliko yote katika visiwa vya Cyclades, unapita kidogo mita 1,000. Huku chini ni viazi, mizeituni na jibini. Kule Apeiranthos hata vichochoro vimesakafiwa marumaru.

Mimi Naxos naisifu zaidi kwa madaktari wake, Nikos Protonotarios na Adalena Tsatsopoulou, waliowatazama watu wa hapa kuanzia utosini hadi unyayoni. Katika familia kadhaa waliona mtoto akizaliwa na nywele za sufu. Akianza kutambaa na kushika vitu, ngozi ya viganja na nyayo hukakamaa. Akifikia ujana, mapigo ya moyo huenda mrama, na wapo walioanguka wakafa ghafla. Mwaka 1986 madaktari hao na wenzao waliuandika ugonjwa huo, nao ukaja kuitwa kwa jina la kisiwa.

Mwaka 2000 chanzo kikajulikana: herufi mbili tu zimepotea katika jeni ya plakoglobini, protini inayosaidia seli kushikamana. Kiganja husuguliwa, moyo hupiga takriban mara 100,000 kwa siku. Mshikamano dhaifu huachia papo hapo penye kazi nzito. Seli za misuli ya moyo, hasa upande wa kulia, huachana na kufa, nafasi yake ikajaa mafuta na kovu, na umeme wa moyo ukapotea njia. Protini hiyo huhitajika tangu tumboni: vijusi vya panya vilivyoikosa kabisa vilikufa kwa hitilafu za moyo.

Kutoka hapa watafiti walijua pa kutafuta. Mwaka 2004 iligunduliwa kasoro ya plakofilini-2, jirani ya plakoglobini, kwa wagonjwa wengi wa moyo wa aina hii wasio na dalili yoyote ya nywele wala ngozi. Leo mgonjwa akigundulika mapema anaweza kuwekewa kifaa cha kuushtua moyo unapoyumba.

Basi ukifika Naxos, wasalimu wenyeji kwa heshima. Familia zilizokubali kuchunguzwa hapa zimeokoa watu wasiowajua.