Kazi na Dawa

Tulipokuwa wanachuo huko Musanze, kaskazini mwa Rwanda, tulikuwa wanne tuliopenda baiskeli. Mji huo uko zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na barabara ziendazo milimani hazimhurumii mtu. Hapo mwanzo tuliendesha kwa hamu tu: mmoja alipopiga kengele nje ya bweni, sote tulitoka, na njia panda ndiyo iliyotuamulia pa kuelekea.

Kisha tukajiandikisha katika mashindano, tukajitungia ratiba. Jumanne tulipanda mwinuko wa kuelekea Kinigi mara 5, dakika 4 kila mara. Alhamisi tulikaza mwendo kwenye tambarare. Jumamosi tulikwenda kilomita 80. Miguu ilipata nguvu kweli. Lakini Jumamosi moja, tulipofika karibu na Ziwa Burera, mwenzetu aliomba tusimame tuyatazame maji. Tulimjibu kwamba dakika zinapotea, tukampita. Juma lililofuata aliitundika baiskeli yake ukutani. "Nimechoka kuhesabiwa dakika," alisema. Naye ndiye aliyekuwa ametushawishi sote kununua baiskeli.

Tuliona aibu, tukaichana ratiba. Hapo tukaingia katika kosa la pili. Kwa kuwa hapakuwa na mpango, kila safari iligeuka mashindano baina yetu. Magoti yakauma, na mwendo ukapungua. Tulikuwa tumesahau kwamba mwili hauongezi nguvu wakati wa kukanyaga pedali, bali baadaye, unapopumzishwa.

Mwishowe tukapatana. Jumanne na Alhamisi zilikuwa za ratiba, wala hakuna aliyeruhusiwa kuigeuza. Jumamosi saa zetu zilibaki bwenini. Aliyetangulia alichagua njia, na aliyetaka kusimama alisimama. Tulimwendea mwenzetu, tukamwomba radhi, tukamwalika kwa siku hiyo moja tu. Alikuja. Tulikaa kando ya Burera hadi jua lilipokuwa kali. Baada ya majuma machache aliuliza mwenyewe, "Jumanne mnaondoka saa ngapi?"

Leo tunafundisha Kiswahili. Tumalizapo zoezi la upatanisho wa kisarufi, tunafunga kitabu na kuwaacha wanafunzi wazungumze watakalo, bila kuwakatiza kwa masahihisho. Ngeli zitafundishwa tena kesho. Mwanafunzi aliyekatishwa tamaa huenda asirudi.