Reli Tatu Ninazotaka Kwenye Gemu, na SGR Si Namba Moja

Tezo hatuna reli. Tuna barabara ya Kilifi–Malindi, tuna bodaboda, tuna mikorosho. Ukitaka kuona treni ndani ya kaunti yetu, nenda mpaka Mariakani huko. Ndiyo maana watu hunishangaa: kijana wa Tezo na gemu za treni, wapi na wapi?

Lawama mpeni babu. Enzi akifanya kazi Mombasa alikuwa akipanda treni ya usiku kwenda Nairobi, daraja la tatu. Siku moja nikamwonyesha nikiendesha treni ya Ujerumani kwenye laptopu. Akatazama weee, kisha akaniuliza, "Na hii yapita Mazeras saa ngapi?" Nikacheka. Halafu nikanyamaza. Kweli, mbona naijua stesheni ya Köln kuliko ya Mazeras?

Basi nikaanza kujenga njia zetu kwa Trainz, manake ina sehemu ya kujitengenezea njia mwenyewe. Orodha yangu ndiyo hii.

Namba tatu ni SGR. Najua mtanirushia mawe. Madaraka Express ilianza 2017, ni safi, inakimbia kilomita 120 kwa saa. Lakini kwa dereva wa gemu inachosha. Tuta refu, daraja refu, mnyooko. Unavuka Tsavo, ndovu wanapita chini yako, na wewe kazi yako ni kushikilia mwendo na kupiga miayo.

Namba mbili, Nakuru kwenda Eldoret. Hapo ni kupanda tu. Reli inavuka ikweta, inajizungusha Makutano ili ipate kimo, mpaka Timboroa, zaidi ya mita 2,700 juu ya bahari. Hapa nataka Garratt za klasi ya 59, yale majitu ya mvuke yaliyoundwa Manchester miaka ya 1950, kila moja zaidi ya tani 250. Moja, Mount Gelai, iko kwenye makumbusho ya reli Nairobi. Mzigo ukizidi, magurudumu yanateleza. Mwendo ukikuishia mlimani, umekwama. Hilo sasa ndilo gemu!

Namba moja: Mombasa–Mazeras ya zamani, ile ya mita geji iliyoanza kujengwa 1896. Ni fupi lakini yote imo. Unatoka kisiwani, unavuka Makupa, unaanza kukwea, na pale Mazeras reli inajipinda mpaka inapita juu ya njia yake yenyewe.

Treni ya abiria ya usiku ilikoma 2017. Kwa hiyo kila nikimaliza kipande, namwita babu akague. "Huo mbuyu uweke kushoto. Na wauza madafu wako wapi?" Picha za setilaiti hazinionyeshi hayo. Babu naye ana mtoto wa jicho, kila mwezi anazidi kuusogeza uso kwenye kioo. Siku atakaposhindwa kuona, nani ataniambia nimekosea wapi?

SGR itasubiri. Ipo kila siku, yeyote anaweza kwenda kuipiga picha.

Kama kwenu kuna mzee aliyepanda treni ile, muulize leo, usingoje Krismasi. Mimi nimebakiza kilomita chache. Kila jioni babu ananiuliza, "Tushafika?"

Bado, babu. Tuko karibu.