Vanila ya mama na baridi ya Butembo

Kila juma nawaletea habari za barabara, za masoko na, kwa bahati mbaya, za watu waliouawa. Leo nawaomba ruhusa niwaelezee jambo la nyumbani kwetu. Wengi mmekuwa mkiniuliza juu ya vanila: kwa nini ya jirani inanunuliwa na yako inarudishwa. Jibu ninalo, ila nililipata kwa njia ngumu.

Sisi ni watu wa upande wa Mangina, katika teritwari ya Beni. Mama ana shamba la kakao, na katikati ya kakao alipanda vanila kidogo kidogo, kila mmea ukipanda mti wake. Vanila si kazi ya wavivu. Ua linafunguka asubuhi moja tu, na usipolichavusha kwa mkono kwa kijiti kabla ya saa sita, limekwisha. Kisha unangoja karibu miezi tisa ili tunda likomae. Mama alikuwa akituamsha gizani tukiwa wadogo, na tulimlaumu sana.

Mwaka 2018 bei ilikuwa imepanda mpaka watu wakasema ni dhahabu ya kijani. Mwaka huohuo, mwezi wa Agosti, Ebola ikatangazwa kwetu Mangina. Tulizika watu, tukanawa mikono, tukaendelea kuchavusha. Mwishoni mwa 2019, jeshi lilipoanza operesheni dhidi ya ADF, mauaji ya raia yakaongezeka. Hata hivyo mama alikataa kuondoka bila kuvuna. Dada yangu mdogo alikuwa anaingia chuo kikuu, na minerval yake ilikuwa juu ya miti ile.

Tulivuna mwanzoni mwa Januari 2020. Majirani wengi walikuwa wamekwisha kuvuna tangu Novemba, matunda yakiwa bado kijani kabisa, kwa kuogopa wezi. Mama alilala shambani na panga mpaka ncha za matunda zikaanza kugeuka manjano. Tulipata kilo 40 za mbichi.

Siku ya kwanza unayachovya matunda katika maji ya moto, yasiyochemka, kama dakika tatu. Wenye vifaa wanasema nyuzi 63 hadi 65. Mama hakuwa na termometa. Aliangalia mvuke, akatia kidole, na kama aliweza kuhesabu moja bila kufika mbili, maji yalikuwa tayari. Kisha tunda linafungwa katika blanketi likiwa bado na joto, linawekwa ndani ya sanduku kwa siku moja au mbili, linatoka jasho na kugeuka rangi ya chokoleti. Baada ya hapo ni jua la saa chache kwa siku, juu ya blanketi, na kila jioni unalifunga tena likiwa na joto lake. Hapo ndipo harufu inaanza kuzaliwa.

Tulikuwa tumefika siku ya kumi na mbili ya jua tuliposikia risasi. Mama hakubeba sufuria, hakubeba viti. Alifunga vanila katika blanketi mbili, akaitia ndani ya gunia, akaikalia juu ya pikipiki mpaka Beni, halafu mpaka Butembo. Kwenye vizuizi vya Ebola walitupima joto la mwili mmoja mmoja. Mama akamwambia kijana wa afya: «Pima na hili gunia, mwanangu, ndilo lenye homa.» Watu walicheka. Ndiyo mara ya mwisho nilimwona akitania kwa miezi mingi.

Mjomba alitupokea. Ninyi wa Butembo mnajua baridi yenu. Mji uko juu sana kuliko Mangina, ukungu unakuja alasiri, na nguo zinashinda siku mbili kwenye kamba. Vanila yetu ilikuwa laini, na maji bado mengi ndani yake. Mjomba akaiangalia akasema: «Dada, hii itaoza hapa. Washa makala tuikaushe siku tatu, au tuitandaze juu ya mabati.» Komisioneri mmoja alifika siku ya pili akataka kuichukua hivyohivyo, nusu kavu, kwa bei isiyofika theluthi ya bei ya kavu. Nilimwambia mama auze. Nawaambia ukweli: mimi ndiye niliyemsukuma auze. Tulikuwa watu saba katika chumba kimoja.

Mama akajibu: «Haraka ndiyo imetuleta hapa. Hii sitaifanyia haraka.»

Tukajenga chanja ya miti na wavu katika chumba cha nyuma. Juma la tatu, mama aliniita asubuhi. Kwenye matunda ya pembeni, karibu na ukuta, palikuwa na unga mweupe. Ukungu wa kuoza. Aliyatoa moja moja bila kusema neno. Yalijaa bakuli. Nilifikiri: mjomba alikuwa na haki, na mimi pia.

Lakini mama hakuwasha makala. Alikaa chini akayatazama yale yaliyooza na yale mazima, akauliza yalikuwa wapi. Yote mabovu yalikuwa yamebanana, au yalikuwa upande wa ukuta wenye unyevu. Yaliyokaa peke yake, karibu na dirisha, yalikuwa safi, na harufu yake ilikuwa imezidi. Akasema: «Baridi haijaua kitu. Hewa iliyolala ndiyo imeua.»

Nimekumbuka maneno hayo mara nyingi tangu siku ile. Baadaye niliongea na watu wanaojua kazi hii, wakanieleza kwamba ndivyo ilivyo. Joto kali linakausha ngozi ya nje kabla ya ndani. Tunda linakuwa gumu, linavunjika kama kijiti, na ukilikausha kwa makala linanuka moshi. Ile harufu wanayolipia wazungu hutengenezwa polepole na vimeng'enya vilivyo ndani ya tunda lenyewe, na nyingine inaendelea kukomaa wakati wa kupumzika. Ukikausha katika ubaridi inachukua muda mrefu zaidi, lakini hakuna ubaya, mradi hewa inatembea na tunda halimgusi mwenzake.

Tukahamisha chanja katikati ya chumba, mbali na kuta. Tukafungua dirisha la pili lililokuwa limepigiwa misumari. Kila asubuhi dada yangu aligeuza kila tunda. Jua likitoka, tuliyatoa nje saa mbili au tatu juu ya blanketi, tukayarudisha kabla ukungu haujashuka. Mvua ikinyesha, hayakutoka. Kazi ambayo kule chini ingechukua miezi miwili ilituchukua karibu minne. Tulijua limekauka pale lilipoweza kuzungushwa kidoleni kama uzi wa ngozi, likarudi bila kuvunjika, na mafuta yakabaki kwenye vidole.

Wakati huo korona ilikuwa imefika. Mwezi wa Machi Uganda ilifunga mipaka yake kwa wasafiri, na Kasindi wakabaki wakipita wenye malori tu. Wanunuzi hawakuonekana. Wengi waliokuwa na vanila ya nusu kavu waliiona ikiota ukungu ndani ya mifuko ya plastiki. Ya mama ilikuwa imelala ndani ya sanduku la mbao, imezungushiwa karatasi ya nta, na kila Jumamosi aliifungua akaikagua tunda kwa tunda. Nyumba nzima ya mjomba ilinukia. Yeye mwenyewe alianza kuwaita wageni waje kunusa, kana kwamba ni yeye aliyekataa kuwasha makala.

Kilo 40 zilituachia kilo 6, baada ya kutoa zilizooza. Tuliziuza kabla ya mwisho wa mwaka. Dada yangu aliingia chuo, akamaliza. Mimi sikuomba msamaha kwa maneno. Nilimnunulia mama termometa. Ananiambia anaitumia. Nimemwona mara mbili akitia kidole kwanza.

Siwadanganyi kwamba vanila ni dawa ya shida zetu. Bei ilianguka vibaya mwaka 2023, na ambaye alikuwa ameweka tumaini lake lote humo aliumia. Shamba letu mama amelitembelea mara chache tu, kwa siku chache, na kila akienda silali. Lakini nasikia kila msimu habari ileile: matunda yanavunwa mabichi usiku, yanachomwa jua juu ya mabati, yanauzwa kwa yeyote, kisha tunashangaa kwamba jina la vanila ya Kongo halitajwi kwa heshima. Wenzetu wa Uganda serikali inawatangazia tarehe ya kuvuna. Sisi hata kwa ngazi ya kijiji tungeweza: wachefu, wakulima na wanunuzi wakae, wapange siku moja, na anayenunua kabla ya siku hiyo ajulikane kuwa ananunua ya wizi.

Najua, mtu anayelala porini hawezi kungoja miezi tisa na minne tena juu yake. Mtu hupata subira akiwa na usalama. Kwa hiyo mnaponiona nikiandika kila juma juu ya barabara ya Mangina, nani amepita na nani hakufika, mjue naandika pia juu ya vanila.

Mama anawasalimu. Anasema: acheni nafasi kati ya tunda na tunda, na fungueni dirisha.