Kwa Baisikeli Kandokando ya Hori ya Mida

Wako watu wanaodhani kwamba baisikeli ni chombo cha mtu asiyeweza kununua pikipiki, na kwamba karani wa serikali aonekanaye juu yake amejishushia heshima. Sipendi kubishana nao. Kazi yangu ni ya ofisini, hapa Malindi. Siku tano za juma nimekaa kitini mbele ya majalada na kompyuta, na Jumamosi hupanda baisikeli yangu kwenda kusini kutazama hori ya Mida. Nimefanya hivyo kwa miaka kadhaa, nami nimeona mambo ambayo mtu aliye ndani ya motokaa hupitwa nayo. Leo nataka kuwaeleza wasomaji njia hizo, kisha nitoe shauri moja.

Kwanza yafaa kujua Mida ni nini. Ni hori iliyoingia nchi kavu kusini ya Watamu, yenye mlango mwembamba na tumbo pana. Maji yakijaa utadhani ni ziwa. Yakipwa huacha uwanja mkubwa wa matope na mchanga, na mikoko pande zote. Ajabu yake ni kwamba hakuna mto uingiao humo. Maji baridi yanayofika huko hupita chini ya ardhi, katika mwamba wa matumbawe, baada ya mvua kunywewa na nchi iliyo nyuma yake. Mwaka 1968 serikali ilitenga hifadhi ya bahari ya Watamu, na Mida imo katika eneo hilo. Mwaka 1979 shirika la UNESCO liliitia Malindi na Watamu katika orodha ya hifadhi za viumbe hai za dunia.

Njia ya kwanza ni hii. Kutoka Malindi twaishika barabara kuu ya Mombasa mpaka Gede, mwendo wa kilomita 15 hivi. Wakati wa kusi mpanda baisikeli hupigana na upepo asubuhi yote, lakini jioni upepo huohuo humsukuma nyumbani kama rafiki. Gede twageuka kushoto. Karibu na njia yapo magofu ya mji wa kale wa Waswahili, ulioachwa na wenyewe katika karne ya 17, ambao Bwana James Kirkman alianza kuuchimbua mwaka 1948. Mbele ni Watamu, na hapo barabara yageuka kusini kufuata bahari mpaka karibu na mlango wa Mida. Huko ndiko mwisho. Mbele yako ni maji, na ng'ambo waona minazi ya Uyombo.

Njia ya pili huanza hapo Gede, lakini badala ya kugeuka twasonga mbele kwa barabara kuu. Mkono wa kulia ni msitu wa Arabuko-Sokoke, wenye eneo la kilomita za mraba 420 hivi, msitu mkubwa kuliko yote ya namna yake iliyosalia katika pwani ya Afrika ya Mashariki. Humo yumo sange mwenye kiuno cha rangi ya dhahabu, naye hapatikani ila katika misitu michache ya pwani yetu. Mkono wa kushoto, nyuma ya mashamba na vijiji, ni Mida. Yako mapito membamba ya kuteremkia majini, na mahali pamoja pana njia ya mbao iliyoning'inizwa kwa kamba katikati ya mikoko. Ada ya wageni wanaopita juu yake husaidia kuwalipia karo watoto wa shule za sekondari kutoka jamaa zinazokaa kando ya msitu na hori. Tukiendelea twafika Matsangoni, na huko twaiacha lami na kushika njia ya vumbi kwenda Uyombo, mpaka tuone Watamu ng'ambo ya maji.

Atakaye kuona ndege na aende wakati wa kaskazi, maji yanapoanza kupwa. Chamchanga na sululu waliotoka nchi za baridi za kaskazini hujaa matopeni. Pamoja nao huja ndege mmoja mweupe mwenye mgongo mweusi na mdomo mnene, ambaye chakula chake ni kaa. Huyo hutaga yai lake ndani ya shimo la mchanga, huko Uarabuni na pwani za Ghuba, kisha huja Mida kukaa nasi. Siku za bamvua maji hupwa mbali sana, na ndege huwa wadogo machoni. Kwa hiyo mpanda baisikeli mwenye akili huwauliza wavuvi saa za maji kabla ya kuondoka kwake.

Msomaji amekwisha kuona kwamba njia zangu mbili hazikutani. Zafika kwenye mlango uleule, moja kaskazini na moja kusini, na kati yake hapana daraja. Mwenye kutaka kuvuka hana budi kumwomba mvuvi ampakie yeye na baisikeli yake mtumbwini, au arudi alikotoka. Nimewasikia vijana wakisema kwamba hii ni aibu, na kwamba ingefaa ijengwe barabara ya lami ya kuizunguka Mida yote, na daraja mlangoni, ili watalii waizunguke kwa saa moja.

Mimi nasema hapana, na sababu zangu si za kupenda mambo ya kale. Upande wa Watamu lami ilitangulia, zikafuata hoteli na nyumba za kupangisha. Zimewapa watu wengi kazi, nami sizilaumu. Lakini pita huko kwa baisikeli: kwa kitambo kirefu utaona kuta na malango, na bahari iliyo hatua chache tu hutaiona. Upande wa Dabaso na Mida, ambako mapito ni ya miguu, mtoto yeyote aweza kuteremka majini bila kumwomba bawabu ruhusa. Tena mikoko ile ndiyo inayoshika matope na kuwalea kaa na samaki wachanga. Zamani boriti za pwani yetu zilipakiwa majahazini kwenda Uarabuni, mpaka serikali ilipopiga marufuku kuzipeleka nje mwaka 1982. Haifai tuliyoinyima jahazi tuipe tingatinga.

Nilimwuliza mvuvi mmoja wa Uyombo, "Mzee wangu, je, hamtaki daraja hapa?" Akacheka, akanijibu, "Mwanangu, daraja likija mimi nitavuka mara moja. Watakaovuka kuja huku hawatarudi."

Sisemi kwamba watu wa Uyombo hawana shida. Mgonjwa hawezi kungoja maji yajae, na njia ya vumbi wakati wa masika humchosha hata mwenye afya. Basi itengenezwe njia hiyo waliyo nayo, iwafikishe barabara kuu salama. Na katika barabara kuu itengwe nafasi ya baisikeli, kutoka Malindi hadi Matsangoni. Mahali pengi mpanda baisikeli hana pa kukimbilia ila majanini basi linapomjia kwa nyuma, na wengi wa wapandao si watembezi kama mimi. Ni wachuuzi wa samaki, wachukuzi wa madumu ya maji, na wanafunzi. Nafasi ya hatua mbili kando ya lami ingewafaa hao kila siku, na mgeni mwenye kupenda kuiona Mida angeifuata bila hofu.

Kwa atakayeamua kwenda, nampa maneno machache. Ondoka alfajiri kabla ya jua kali. Chukua maji ya kunywa na taa nyekundu ya nyuma. Mkiwa wengi, fuataneni mmoja mmoja. Baisikeli iachwe nchi kavu, isiburutwe matopeni, kwa kuwa chini ya tope ndimo walimo kaa na chaza ambao ni riziki ya watu. Wasalimu uwapitao, wazee kwanza. Na ukifika mlangoni ukaona njia imekwisha, usikasirike. Kaa chini, upumzike, utazame maji yanavyoingia na kutoka, kisha urudi kwa njia uliyojia.