Nilianzia Kwenye Tairi

Karibu kila dereva aliyeniletea Fuso au Kenta yenye usukani mbovu alikuwa na jibu kabla hajazima injini: "Fundi, stelingi boksi imekufa." Ubovu anausikia mikononi, na kilicho karibu na mikono yake ni boksi. Mimi, tangu nikiwa kijana wa kushika toshi hadi nilipofungua gereji yangu Ipogolo, Iringa, nimefanya kazi kwa kuanzia upande wa pili, chini kwenye tairi.

Mzee aliyenifundisha hakuruhusu spana iguse boksi kabla ekseli ya mbele haijapigwa jeki. Unashika tairi juu na chini, unasukuma na kuvuta. Likicheza, ubovu uko kwenye beringi za habu au kwenye kingpini, pini ambayo tairi hugeukia. Kutenganisha hivyo viwili, mtu anapanda kabini na kukanyaga breki, maana breki inabana habu na spindo viwe kitu kimoja. Mchezo ukiisha, ni beringi. Ukibaki, kingpini na bushi zake zimekwisha. Kisha unashika tairi kushoto na kulia, hapo tairodi endi, viungo vya ncha za bomba linalounganisha tairi mbili za mbele, zinajitaja zenyewe. Mwisho gari linashushwa, injini inawashwa, utingo anapindisha usukani kidogo huku na huku, nawe umelala chini unatazama pitimani inayotoka kwenye boksi, draglinki inayoifuata na tairodi, kiungo kwa kiungo, kipi kinaondoka mapema na kipi kinachelewa. Jicho likishindwa, weka kiganja juu ya kiungo.

Boksi nayo hufa, sikatai. Oili sili huvuja, meno hulika katikati, pale ambapo lori linakwenda moja kwa moja muda mwingi. Ila kubana skrubu ya boksi hadi mchezo uishe, kama wafanyavyo wenye haraka, kunaleta balaa jingine: kwenye kona usukani unakuwa mgumu na haurudi wenyewe.

Magari mengi niliyotengeneza yalipakia nyanya Ilula, na kutoka Ilula kwenda Dar es Salaam ni lazima uteremke Kitonga. Kona zile, ukuta wa mlima upande mmoja na bonde upande wa pili, na lori limejaa matenga hadi juu. Kila nilipofunga nati ya usukani niliiwaza Kitonga, na kijana aliyekaa kando ya dereva.

Kwenye kuchagua spea ndipo nilipogombana sana na matajiri wa magari. Spea inaagizwa Kariakoo kwa simu, inafika kwa basi, na kwenye simu limetajwa neno moja tu: "ya Kenta." Kenta ipi? Zipo zenye ekseli nzima ya mbele na kingpini, na zipo zenye magurudumu yanayojitegemea na boli jointi. Zimeingia nyingi kutoka Japani zikiwa zimeshatumika, na mbili zinazofanana sura zinaweza kutofautiana chini. Kwa hiyo namba ya chesesi kwanza, halafu spea kuukuu mkononi ilinganishwe na mpya.

Hata hapo sikuamini macho. Kwenye tairodi endi nilipaka wino mwembamba kwenye koni yake, nikaiingiza kwenye tundu la mkono wa spindo, nikaizungusha, nikaitoa. Wino ukifutika sawasawa urefu wote, koni imekaa. Ukifutika ukingoni tu, spea hiyo imeshikwa na pete nyembamba ya chuma, na hata uikaze namna gani itakuwa inatikisika ndani kila tairi likipiga shimo, mpaka ikatike. Nati yake yenye meno ikipitiliza tundu la pini hairudishwi nyuma, inakazwa mbele hadi tundu linalofuata. Na tairodi endi moja ina uzi wa kulia, ya pili wa kushoto, ili bomba likizungushwa, nyuso za tairi zikaribiane au zitengane. Ukifunga mpya bila kwenda alaimenti, utakula tairi.

Kingpini nilibadilisha pande zote mbili, au gari likaenda kwa fundi mwingine. "Fundi, huku kulia bado kuzima." Bosi, zote mbili zimetembea barabara moja, mzigo mmoja. Bushi inaingizwa kwa presi, tundu lake likitazamana na nipo ya grisi, kisha inapitishwa rima hadi pini iingie kwa mkono bila kutikisika. Tundu likikaa kando, utapiga grisi mwaka mzima isifike ndani. Na grisi hupigwa ekseli ikiwa imenyanyuliwa, ili ipenye hata kwenye beringi iliyokandamizwa na uzito.

Kuchomelea pitimani au kunyoosha draglinki kwa moto sikukubali hata siku moja, hata gari likiwa limekwama na nyanya zinaoza. Chuma kile kimepewa ugumu wake kiwandani, moto unauondoa, na kwa nje huoni kitu.

Vibovu nilivyovitoa sikuviacha vizima. Nilivikata uzi kwa grenda mbele ya mwenye gari, maana nimeshaona tairodi endi iliyokufa ikirudi dukani imepakwa rangi nyeusi na kutiwa mpira mpya. Tajiri akitaka kuviuza chuma chakavu, anavipata vyote, na mizani inasoma kilo zilezile.